Kwenda Nduta na Kamera ya Macho

Basi la Kibondo huikata nchi kutoka ubavu hadi ubavu. Linatoka Dar es Salaam alfajiri, linapita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, linafika Kahama abiria wamechoka hata kulalamika, kisha linashika Ushirombo na Runzewe hadi njia panda ya Nyakanazi. Hapo linaiacha barabara ya Rwanda, linageukia kusini, na watu wa Kigoma wanaanza kuongea Kiha kwa sauti kama waliokwisha kufika nyumbani. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Kahama. Kigoma niliyoijua ilikuwa ya sahani: migebuka, dagaa, mawese. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo nilizisikia kwenye taarifa ya habari tu, na kila zilipotajwa, jina lililofuata lilikuwa la kambi ya wakimbizi.

Mwenyeji wangu ni mtaalamu wa macho, mzaliwa wa Kasulu aliyesomea kazi yake Moshi. Miguuni alikuwa amebana mkoba mdogo ambao hakukubali konda autie kwenye buti. Ndani mlikuwa na simu, lenzi ya kupachika juu ya kamera ya simu hiyo, kipimo cha presha ya macho, chupa za matone ya kupanua mboni, na bunda la fomu. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu wanasayansi wa London wanaopiga picha nyuma ya jicho ili wajue ni nani ataanza kupoteza kumbukumbu. Aliisoma, akanipigia simu. "Umeandika vizuri habari za London," alisema. "Sasa twende kambini Nduta, tukaone kama hilo jicho lako linapatikana."

Tulianza kubishana Chalinze. Tulipofika Gairo, mama mmoja wa Kibondo aliyekaa upande wa pili wa njia alitaka kujua ni jicho la nani hilo lisilokwisha kuongelewa. Nikamweleza. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kipande cha ubongo: mtoto akiwa tumboni, ubongo wake unachomoza tawi kuelekea usoni, na tawi hilo ndilo linalokuja kuwa retina na mshipa wake wa fahamu. Tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotengeneza kioo chake cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, daktari amekuwa na mahali pa kutazama mishipa ya damu na nyuzi za fahamu zikiwa hai bila kumchana mtu ngozi. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walichunguza macho ya watu waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer, wakakuta nyuzi za mshipa wa jicho zimepukutika. Mwaka 1991 ikaja mashine ya OCT, ambayo hutumia mwanga kupima tabaka za retina moja moja. Tabaka la nyuzi za fahamu lina unene unaokaribia wa unywele. Uchunguzi wa mradi wa UK Biobank wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2018 na kuhusisha watu zaidi ya 32,000, ulionyesha kwamba wenye tabaka jembamba walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu na fikra. Na kati ya wale waliorudiwa baada ya miaka mitatu, wenye tabaka jembamba walikuwa karibu mara mbili zaidi kwenye hatari ya kushuka kiakili.

Kisha nikamwambia habari za manjano. Huko Los Angeles, katika hospitali ya Cedars-Sinai, watafiti waliwanywesha watu dawa iliyotengenezwa kwa kiini cha manjano, kwa sababu kiini hicho hushikana na ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, kisha hung'aa kwenye picha ya jicho. Walichapisha matokeo yao mwaka 2017. "Manjano haya haya ya pilau?" aliuliza mama. Haya haya. Katika yote niliyosema, hilo ndilo alilolirudia kwa jirani yake.

Usiku ulitukuta Shinyanga. Tulipokuwa tunapita Tinde, mama yule, niliyedhani amelala, alisema: "Nchi hii bibi akiwa na macho mekundu, hakai." Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Wekundu wenyewe ni wa moshi. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga miaka hamsini, akipuliza kuni na samadi, atakuwa na macho meupe kwa muujiza gani? Basi kazi ya kutazama jicho la mzee ili kujua kilichomo kichwani mwake haikuanzia London, na huku kwetu imekwisha kumwaga damu. Nilikuwa nimeandika makala nzima bila kujiuliza jibu la picha anapewa nani. Bibi anayepotea njia ya nyumbani kwake, anayeamka usiku na kuongea na marehemu, anayewatuhumu wajukuu kwamba wamemwibia: hizo ni dalili za demensia zilizoandikwa vitabuni, na ndizo hizo hizo zinazowatosha majirani.

Nyakanazi tuliifikia kukiwa na ubaridi ambao mtu wa pwani hauvalii nguo ya kutosha. Mwenyeji alinionyesha kipande cha barabara ambacho zamani mabasi yalikipita yakisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa ajili ya majambazi. Sasa palikuwa na wauza ndizi. Kakonko tulipita kasi. Kambi ya Mtendeli iliyokuwa wilayani humo ilifungwa mwaka 2021. Kibondo ni mji wa matofali ya kuchoma na vumbi jekundu, milima imeuzunguka kwa mbali, na asali inauzwa barabarani katika chupa za maji ya kunywa. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na nikaelewa kwa nini mwenyeji wangu huwa haongezi chakula akiwa Dar es Salaam.

Kuingia kambini kulihitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kutoka kulihitaji zaidi, kwa mkimbizi: kanuni ilimweka ndani ya kilomita nne. Nduta ilikuwa kambi ya Warundi tangu miaka ya 1990, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena Oktoba 2015, pale wimbi jipya lililotokana na mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza lilipoijaza Nyarugusu kule Kasulu. Ilipangiwa watu 50,000. Mwaka 2017 walikuwa zaidi ya laki moja. Septemba mwaka huo safari za kurudi kwa hiari zikaanza, na tangu hapo neno kurudi halikuondoka kwenye mazungumzo ya kambi. Ukipita zoni moja hadi nyingine ulikuwa unaona viwanja vilivyobomolewa, mgomba umebaki peke yake mbele ya nyumba isiyokuwapo.

Habari ilikuwa imetutangulia: wamekuja watu wa kupiga picha macho. Kwenye benchi nje ya chumba tulichopewa, swali la kwanza halikuhusu ugonjwa. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama asiyepigwa picha atakosa mgao. Mwingine akauliza kama hii ndiyo orodha ya kurudi Burundi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Usajili wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, huchukua alama za vidole na picha ya kile kiduara chenye rangi kinachoizunguka mboni, kwa kuwa hakuna watu wawili wanaofanana hapo. Kwa mtu wa Nduta, kamera inapoelekezwa jichoni, unga uko karibu. Mwenyeji alitumia muda mrefu kueleza kwamba ile ni picha ya mbele ya jicho na yake ni ya nyuma, kwamba hatapeleka picha kwa mtu yeyote nje ya matibabu, na kwamba anayetaka kuondoka aondoke. Aliongea Kiha, wao wakamjibu Kirundi, na kijana mhudumu wa afya, mkimbizi mwenyewe, akawa anasahihisha pale tu lugha hizo mbili zilipokosana, kila mara kwa kicheko cha benchi zima.

Chumba kilitiwa giza kwa kutundika blanketi dirishani. Anayechunguzwa hutiwa matone, anasubiri kama nusu saa mboni ipanuke, kisha anakaa kwenye kiti naye mtaalamu anainama na simu. Kwenye kioo hutokea duara la rangi ya chungwa, mishipa ya damu ikitambaa kutoka kwenye doa la manjano hafifu, ambalo ni kichwa cha mshipa wa fahamu. Kazi hii haihitaji profesa. Nakuru, Kenya, katika utafiti wa macho wa watu wazima uliorudiwa mwaka 2013 na 2014, Andrew Bastawrous na wenzake walionyesha kwamba hata mtu asiyesomea macho anaweza kufundishwa kupiga kichwa cha mshipa kwa simu, na wasomaji wa picha wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, wakapata karibu kile kile walichokiona kwenye picha za mashine kubwa ya mezani. Lakini simu haipimi unene wa tabaka. Kwa hilo unataka OCT, umeme usiokatika, na fundi wa kuitengeneza. Mwenyeji wangu hana OCT, wala hajifanyi anayo.

Aliyekaa wa kwanza alikuwa mzee wa Kirundi mwenye Kiswahili cha Tabora. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akanijibu "Marahaba" bila kusitasita. Alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, akakulia Ulyankulu mkoani Tabora, akarudi kwao Makamba baada ya miaka zaidi ya thelathini akakuta shamba la baba yake lina mwenyewe, kisha mwaka 2015 akakimbia tena. Kabla ya picha kulikuwa na maswali. Fomu ni ile iitwayo IDEA, iliyotokana na utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako mwaka 2009 na 2010 ilionekana kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Vipimo vya Ulaya humtaka mtu asome, aandike, achore. Mkulima asiyeenda shule anafeli kabla hajaugua. Watafiti wa Hai wakatengeneza cha kwao: leo ni siku gani, taja wanyama kwa dakika moja, kumbuka maneno kumi, panga vijiti vya kiberiti kama nilivyopanga mimi. Ni kazi nzuri, na nisingependa mtu adhani naidharau. Ila ilitengenezwa kwa watu waliokaa mahali pamoja.

"Mwenyekiti wa kijiji chako ni nani?"

"Kijiji kipi?" aliuliza mzee. "Cha Ulyankulu, cha kule Makamba, au huyu wa zoni?" Akawataja wote watatu, na wa Ulyankulu akamtajia na makosa yake.

"Daraja ni nini?"

"Daraja? Ndicho kitu tulichokikosa pale mto Malagarasi."

Kijana mhudumu aliinamisha kichwa akicheka. Mwenyeji aliitazama fomu, akaitazama, akampa mzee alama zote.

Kisha picha. Katikati ya kichwa cha mshipa kuna kishimo cha kawaida kwa watu wengi. Cha mzee huyu kilikuwa kimekula karibu doa zima, kwenye macho yote mawili. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekwisha kufa. Ungempima kwa OCT, tabaka lake lingekuwa jembamba sana, na kompyuta iliyofundishwa kutafuta ubongo unaochakaa ingeweza kumweka kwenye orodha. Naye ndiye mtu mwenye akili kali kuliko wote waliokuwa chumbani. Kipimo kilionyesha presha ya macho iko juu. Ugonjwa huo wa presha ya macho, ambao hauumi wala hauwashi, huzila nyuzi zile zile zinazopukutika kwenye demensia, na kwetu si haba: uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa takriban watu wanne katika kila mia wenye miaka 40 na zaidi. Mwaka 2023 wataalamu wa London walitangaza RETFound, programu ya akili mnemba iliyolishwa picha za retina milioni 1.6, sehemu kubwa zikitoka Moorfields. Mwaka huo huo walionyesha kwamba alama za Parkinson huweza kuonekana jichoni wastani wa miaka saba kabla ugonjwa haujatambuliwa. Ninaamini matokeo hayo. Nisichoamini ni kwamba programu hiyo ingejua la kufanya na macho ya mzee yule kabla haijaonyeshwa macho mengi yanayofanana na yake.

Baada yake aliletwa bibi, ameshikwa mkono na mkaza mwana. Mkaza mwana ndiye aliyeongea. Bibi anasahau. Anatia chumvi kwenye chai. Anapita mlango wa kwake anaingia kwa watu. Anamwita mjukuu huyu kwa jina la yule, na siku hizi haongei, anakaa tu. Zoni nzima wanajua akili zimemtoka, alisema, na wengine wanasema zaidi ya hapo. Hakutaja wanasema nini, na kijana mhudumu hakumshurutisha. Mwenyeji aliwasha tochi. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama maziwa. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, na simu ilipoelekezwa, kioo kilionyesha ukungu mtupu. Jicho la kusomea ubongo halikuwapo.

"Nyogokuru," kijana alimwita, na maswali yakaanza kwa Kirundi. Bibi alijua siku. Alitaja ng'ombe, mbuzi, kondoo, kisha akahamia mtoni akataja mamba na kiboko, na dakika ikaisha bado anaendelea. Maneno kumi aliyarudisha karibu yote. Vijiti vya kiberiti vilimshinda, kwa sababu hakuviona. Fomu ilitaka apewe sifuri. Mwenyeji akaichukua mikono ya bibi, akaipitisha taratibu juu ya vile alivyovipanga yeye, na bibi akapanga vyake kwa kupapasa, sawasawa. Sijui kanuni za utafiti zinasemaje kuhusu hilo. Alipoelezwa tatizo lake, aligeukia upande sauti ya mkaza mwana ilipotokea, akasema maneno ambayo kijana alinitafsiria polepole: "Mwambieni nilikuwa sioni. Kujua nilikuwa najua."

Mchana, tukinywa chai, nilimwuliza mwenyeji kama basi kamera yake haina kazi na ubongo huku. Alinishangaa. "Malaria je?" Nduta malaria ndiyo iliyojaza vitanda, na mtoto akipoteza fahamu, kila mtu alisema imepanda kichwani. Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake walifanya jambo zito: waliwapasua watoto 31 waliofariki wakiwa na dalili zote za malaria ya ubongo, wakakuta 7 kati yao walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Dalili pekee iliyowatenganisha wakiwa hai ilikuwa nyuma ya jicho: weupe kwenye retina, mishipa iliyobadilika rangi, vidonda vya damu. Hiyo ilichapishwa mwaka 2004, na mmoja wa waliozieleza dalili hizo mapema, Susan Lewallen, baadaye alikuja kufanya kazi Moshi. Kampala, katika hospitali ya Mulago, mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. "Wazungu wanatafuta ubongo unaozeeka," alisema mwenyeji. "Nipe mimi tochi nzuri wodini, nikuonyeshe ubongo unaoumia leo." Kisha akaniomba sukari.

Alasiri ilikuwa ya makaratasi. Bibi aliandikiwa rufaa ya upasuaji nje ya kambi, na rufaa ikazaa ombi la kibali, na ombi la kibali likazaa swali la nani atamsindikiza na huyo msindikizaji naye ana kibali gani. Mkaza mwana alijitolea, safari hii bila manung'uniko. Mwenyeji alisisitiza lianze jicho moja. Bibi akataka yote mawili, kwa hoja kwamba safari ni moja na vumbi ni lile lile.

Mzee wa Ulyankulu alikuwa amesubiri nje, mboni bado zimepanuka, kofia ameivuta hadi puani kwa ajili ya jua. Mwenyeji alimuuliza kama ana pumu, maana dawa aliyotaka kumpa haipatani na pumu. Hana. Akampa chupa ya timolol: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni.

"Hadi lini?"

"Siku zote, mzee. Haya matone hayarudishi kilichopotea. Yanalinda kilichobaki."

Mzee aliigeuza chupa mkononi, akaisogeza mbali ili aisome, akashindwa. "Na nikisahau?"

"Mwambie mjukuu akukumbushe."

"Huyo," mzee alisema, akiitia chupa mfukoni, "ndiye mngempima kwanza."